Marehemu Aliyesogea Kitini

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi na moja, trela ya miwa ilimwangukia baba yangu, na kabla matanga hayajaisha nilikuwa Kakamega mjini nikifua nguo za watu. Darasa la nne sikulimaliza. Shida haikunipigia hodi, na mimi sikupata nafasi ya kuuliza kwa nini imekuja kwangu. Nawaambia hivi mapema ili mjue anayewaandikia ni nani. Mimi si msomi. Kusoma nasoma, kuandika mnaona naandika, lakini vyeti sina hata kimoja, na sijawahi kuvihitaji.

Watu wananiita Mama Studio. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza video, za harusi, za mazishi, za kuvisha vijana majoho ya kuhitimu, halafu baadaye zile kazi ngumu za kuchanganya picha ndani ya kompyuta: kumtoa mtu huku na kumweka kule, kuondoa waya wa stima juu ya kanisa, kumpa bibi harusi mvua ya maua ambayo haikunyesha. Nimestaafu kwa sababu ya macho. Mikono bado iko.

Nyinyi vijana mnanijia hapa nyumbani na laptop zenu mnaniuliza siri. Siri hakuna. Ila kuna mshtuko. Hii kazi imenishtua tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na kama bado haijakushtua, basi hujaiangalia vizuri.

Mshtuko wa kwanza niliupata nikiwa na ufagio mkononi. Yule niliyemfulia nguo alikuwa mpiga picha, Mzee Shaban, mtu wa Mumias, mpole, kila mteja anamwamkia kwa salamu ndefu utafikiri wamepotezana vitani. Alinituma nifagie chumba cha giza. Nikamkuta ameinamia beseni, karatasi nyeupe ndani ya maji, na ndani ya ile karatasi uso wa mwanamke ukaanza kupanda. Macho kwanza, halafu meno. Nilipiga kelele, nikakimbia, na nikapindua beseni la pili lililokuwa na kazi ya siku nzima.

Hakunichapa. Alinifuata hadi nje, akaniambia maneno ambayo nimekaa nayo mpaka leo. "Ukiona kitu kwenye picha usichokielewa, binti yangu, usikimbie. Rudi uangalie mkono wako ulikuwa wapi." Halafu akanituma nirudi nikapanguse sakafu. Shikeni hayo maneno, tutayarudia.

Sitawapitisha mwaka kwa mwaka, mtalala. Nilikaa na Mzee Shaban mpaka akafunga duka, nikanunua kamera ya kanda, ile unabeba begani kama gunia la mahindi, nikapiga harusi kutoka Buyangu mpaka Chekalini. Kanda zikafa, kompyuta ikaja. Nilipoinunua ya kwanza, jirani zangu sokoni walicheka. Walisema Mama Studio amenunua televisheni isiyo na stesheni.

Sasa sikilizeni kuhusu misumari, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Video ni picha nyingi zinazofuatana haraka. Ukitaka kitu kisogee ndani yake, tuseme jina la bwana harusi litoke kushoto liende kulia, hukisogezi wewe kwenye kila picha. Unaiambia mashine: hapa mwanzo kiko kushoto, pale mwisho kiko kulia. Sehemu hizo mbili nyinyi mnaziita kifremu. Mimi naziita misumari, kwa sababu ndiyo inayoshika. Katikati ya msumari na msumari hujasema kitu, mashine inajaza yenyewe. Huko kujaza katikati ndiko kunakoua watu.

Mwanzoni mimi nilikuwa siiamini mashine, nikawa napigilia msumari kwenye kila picha kwa mkono. Nilimfanyia mteja mmoja wa Chekalini ndege ya karatasi inayozunguka keki, na hiyo ndege ilikuwa inatetemeka kama ina malaria. Mteja akalipa, lakini aliniuliza kama rubani alikuwa amekunywa.

Mtu aliyenielewesha hakuwa mtu wa kompyuta. Ni mume wangu, Baba Ayuma, fundi wa nyumba za udongo. Alikuwa ananiletea chakula studio, obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda kwenye bakuli la mfuniko, kisha anakaa kwenye benchi kunisubiri nile. Siku moja nilikuwa nimefungua ule mchoro unaoonyesha mwendo wa kitu, mstari unaopanda na kushuka kupitia misumari. Nilikuwa naugombeza. Misumari miwili ilikuwa kwenye kimo kimoja, sawasawa, na mstari katikati yake ulikuwa umevimba juu.

Baba Ayuma akatazama, akasema, "Huo si ni ufito."

Nikamwambia aende zake.

"Ni ufito," akasema. "Umeupitisha kwenye vigingi unapanda, halafu unataka ulale, halafu ushuke. Ufito haukati kona. Lazima utoe tumbo. Na vigingi vikiwa mbali, tumbo linakuwa kubwa."

Jioni hiyo alinichomekea vigingi nyuma ya nyumba, akanipindia ufito mbichi kati yake, nikaona kwa macho yangu. Nilishtuka. Niliwahi kulipia mafunzo ya wiki nzima mjini na sikuelewa, na huyu ambaye hajui hata kuwasha mashine ameelewa kwa kuangalia mara moja, kwa sababu amepinda fito maisha yake yote.

Kwa hiyo jueni: kuna kujaza kwa aina tatu. Ukivuta uzi kati ya misumari, mwendo unanyooka na kona zinakata. Ukipinda ufito, mwendo unalainika na unapendeza, lakini unatoa tumbo. Ukiweka jiwe, kitu kinakaa palepale hadi msumari unaofuata. Uzi, ufito, jiwe. Kila mahali pana haki yake. Harusi inataka ufito. Maandishi yanataka jiwe. Nimemaliza somo la wiki nzima, na sijawatoza.

Skripti nilifundishwa na binti mmoja, Adisa, aliyekuwa amepanga chumba cha pili kutoka kwangu akitengeneza simu. Kazi moja inaweza kuwa na misumari mia kadhaa, na mimi nilikuwa naigusa mmoja mmoja nikiigeuza kuwa ufito mpaka kidole kinakufa ganzi. Adisa akaniambia, "Mama, si uiandikie tu maagizo?" Nikamwambia mimi darasa la nne sikulimaliza. Akasema maagizo ya kompyuta ni mafupi kuliko ya kupika kuku. Chukua kila msumari. Ugeuze ufito. Nenda kwa unaofuata. Rudia mpaka iishe.

Tuliandika mistari michache tu. Nikabonyeza. Mia zote ziligeuka kabla sijatoa kidole. Nilikaa, mikono mapajani. Adisa alidhani nimeharibu kitu. Hapana, nilikuwa nimeshtuka vile mtu anashtuka akiona jembe linalima bila mkono. Ile skripti niliiita Lainisha, na niliipenda kama mtoto wa mwisho. Niliipitisha kwenye kila kazi. Sikuwa nachagua tena. Harusi Lainisha, mazishi Lainisha, tangazo la mbolea Lainisha.

Baba Ayuma alifariki, tukamzika. Watu walishangaa kwamba mke wa studio hakuwa na video ya mumewe. Ningeipiga lini? Siku zote nilikuwa nyuma ya kamera nikipiga wanaume wa wengine. Niliyaacha hayo, nikarudi kazini, na miaka miwili baadaye ndiyo ikaja kazi ya Mautuma.

Familia yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Kisia alikuwa amefariki na mwaka ulikuwa unatimia, kwa hiyo siku ya kumkumbuka ilikuwa inakaribia. Mjane wake, Mama Rasoa, alitaka filamu. Kiti cha mzee kiliwekwa uani, kitupu, na kila mtu wa ukoo angekuja asimame kando yake. Kazi yangu ilikuwa kumrudisha mzee kitini ndani ya kompyuta, kutoka kwenye picha yake ya zamani, amevaa kofia na koti, ili waonekane wamepigwa pamoja.

Mtoto wa kiume alikuwa mmoja, Jumba. Alikuwa Ghuba, kule Uarabuni, akifanya kazi ya ulinzi baba yake alipokufa. Mwajiri alikuwa amemshikia pasipoti, akakataa kumwachilia. Baba akazikwa bila Jumba kutupa udongo kaburini. Mnajua kwetu hilo linapimwaje. Aliporudi alianza kujenga nyumba yake ndani ya boma, akasimamisha nguzo, akanunua fito, ndipo baba yake mdogo, Mzee Kidiga, akamsimamisha. Alisema mtu ambaye hakuzika hajengi. Mama Rasoa akalia, wazee wakakaa, wakakubaliana: ngoja siku ya kumbukumbu. Siku hiyo ikipita kwa amani, Mzee Kidiga mwenyewe atafunga ufito wa kwanza na Jumba atakuwa na kwao. Isipopita kwa amani, atabomoa nguzo aondoke.

Kwa hiyo mnaona uzito wa ile filamu. Mimi sikuuona. Niliona kazi.

Tulipiga uani kwa kamera inayoteleza kwenye reli ya mbao, magurudumu yake nilikuwa nimeyang'oa kwenye kigari cha mtoto. Inatoka kwa mtu, inasimama, inaenda kwa mwingine. Kamera ikisogea, kiti kinasogea kwenye skrini, na mzee lazima asogee nacho, la sivyo ataelea hewani. Kwa hiyo kila kamera iliposimama nilipigilia msumari mwanzo wa kusimama na mwingine mwisho. Jumba alikuwa wa mwisho, upande wa mbali kabisa, na kamera ilimwendea kwa haraka kidogo, kisha ikarudi ilikotoka. Mama yake alininong'oneza, "Kwake kaa, Mama Studio. Wale wengine walimzika."

Asubuhi ya siku yenyewe akanipigia simu. Kaa kwa Jumba zaidi, mama, tafadhali. Nikasema sawa. Nikauvuta msumari wa mwisho wa Jumba nikaupeleka mbali, nikapitisha Lainisha, nikaiacha mashine ipike huku mimi napakia genereta na nyaya kwenye pikapi. Video ilipokamilika niliangalia mwanzo wake tu. Mwanzo ulikuwa mzuri.

Mautuma watu walikuwa wengi, hema limejaa, kuku na wali vimeshaliwa, padre ameshabariki msalaba mpya. Tukawasha ile televisheni kubwa ya kukodi. Mzee Kisia alipoonekana kitini, wanawake waligumia. Alikuwa amekaa vizuri. Nilikuwa nimempa kivuli chake, hata upindo wa kofia ulishika jua la siku ile. Akasimama naye Mzee Kidiga, akasimama dada yao, wakasimama mabinti zake. Kila mmoja kwa kifupi. Nilijisikia mkubwa, siwafichi.

Kamera ikaenda kwa Jumba, ikasimama. Mzee Kisia hakusimama.

Alianza kusogea pole pole. Aliondoka katikati ya kiti, akateleza kuelekea upande wa pili, mbali na mtoto wake, mpaka bega likatoka nje ya mkono wa kiti na bado anaenda. Uso haukubadilika. Akakaa huko, nusu hewani, amemwachia kijana nafasi tupu. Halafu kamera ilipokaribia kuondoka, akarudi pole pole mahali pake.

Hakuna aliyepiga kelele. Kelele ingekuwa afadhali. Mama Rasoa alikuwa ameshika kikombe, na chai ilikuwa inamwagika kwenye leso yake bila yeye kujua. Jumba alikuwa mbele kabisa, nilimwona kisogo tu, na kile kisogo kilizama katikati ya mabega.

Na mimi? Mimi niliyemkata marehemu kwenye karatasi kwa mikono yangu, niliyemweka kitini, niliyempa kivuli, niliogopa. Kwa muda nilisahau misumari, nilisahau mashine, nikafikiri: kumbe mzee alikuwa na neno. Nawaambia ili msijione wajanja. Kitu ulichokitengeneza mwenyewe kinaweza kukugeukia na ukakiamini.

Mzee Kidiga alisimama. Hakupandisha sauti. "Mmeona wote," akasema. "Mimi nilisema nikaambiwa nina roho mbaya. Sasa mwenyewe amesema." Akamgeukia Jumba. "Ng'oa nguzo zako, kijana. Leo, jua likiwepo."

Jumba akainuka kweli. Hakubisha. Aliinuka kama mtu aliyekuwa anangoja hilo neno tangu Ghuba, akaanza kutembea kuelekea zile nguzo, na mama yake akawa anamfuata akimshika shati kwa nyuma.

Ndipo nikakumbuka Mzee Shaban na beseni. Usikimbie. Mkono wako ulikuwa wapi? Mkono wangu ulikuwa kwenye msumari wa mwisho wa Jumba, naupeleka mbali. Na kando ya zile nguzo, nyuma ya Jumba, kulikuwa na rundo la fito.

Nilikimbia, lakini si kwa kuogopa. Nilichomoa ufito mmoja mrefu, nikaokota vijiti, nikarudi mbele ya hema nikapiga magoti kwenye nyasi na gauni langu la kanisani. Watu walidhani nimerukwa na akili. Nilichomeka kijiti cha chini, kijiti cha juu, kijiti kingine cha juu kwa kimo kilekile lakini mbali, na cha mwisho chini tena. Nikawaambia hiki cha kwanza ni kamera inakuja mbio. Hivi viwili vya juu ni kamera imesimama kwa Jumba. Hiki ni kamera inaondoka. Nikaupitisha ufito, nikauminya ushike vijiti vyote. Katikati ya vile viwili, pale palipotakiwa kulala, ukatoa tumbo.

"Nani amesukuma hapo?" nikawauliza. "Vijiti viko sawa. Hakuna mkono. Mimi ndiye niliyeiambia mashine ipinde ufito mahali palipotakiwa jiwe, na nikaweka vijiti mbali kwa sababu Mama Rasoa aliomba tukae na mtoto wake. Mzee hakusogea. Ni tumbo la ufito."

Mzee mmoja nyuma, fundi kwa mikono yake nilivyoiona, akasema ni kweli, ufito hufanyanga hivyo. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Kidiga akanitazama hapo chini nilipopiga magoti.

"Ufito si ndugu yangu," akasema. "Yule pale ndiye ndugu yangu. Wewe unatetea kazi yako ili ulipwe."

Hapo akanikasirisha. Mimi ukinigusa kazi yangu nakuwa mtu mwingine. Niliinuka, nikaenda kwenye laptop, na badala ya kumfungua Jumba nikamfungua yeye. Mzee Kidiga mwenyewe, amesimama kando ya kaka yake, kifua mbele. Nikachukua msumari wake wa mwisho, nikauvuta mbali kuliko wa Jumba. Picha yake niliigandisha ili itoshe muda huo mrefu. Nikapitisha Lainisha ileile. Nikawasha televisheni.

Kamera ikaenda kwa Mzee Kidiga, ikasimama. Na marehemu akaanza kuondoka. Alienda, akaenda, akatoka kitini kabisa, akabaki amekaa hewani karibu na zizi la ng'ombe, na Mzee Kidiga kwenye skrini bado amesimama kifua mbele kando ya kiti kitupu.

Aliyecheka kwanza alikuwa dada yao, senge, yaani shangazi, wa Jumba, mwanamke mnene aliyekuwa amelia siku nzima. "Heh, Kidiga," akasema. "Wewe amekukimbia mpaka kwa ng'ombe. Na ulimzika."

Hema lote likacheka. Wazee walicheka wakijificha kwenye kofia. Padre alitazama viatu vyake. Mimi sikucheka, nilikuwa naandika. Niliongeza mstari mmoja kwenye Lainisha: kama msumari huu na unaofuata iko mahali pamoja, usipinde ufito, weka jiwe. Nikaupitisha kwenye kazi yote, nikaonyesha tena kutoka mwanzo, na safari hii nilitazama kila picha mimi mwenyewe, nimesimama mbele ya televisheni nimeziba wengine. Kamera ikafika kwa Jumba, ikasimama, ikakaa. Mzee Kisia akakaa naye. Muda wote ule mrefu ambao mama aliuomba, baba na mtoto walikaa pamoja na hakuna aliyesogea.

Ilipokwisha, Mzee Kidiga alibaki ameshika fimbo, anatazama skrini iliyozimika. Alikuwa amefedheheka, na nilijua mtu aliyefedheheka mbele ya ukoo anaweza kuamua lolote. Mama Rasoa alijua pia. Kisha mzee akaja mpaka pale kwenye nyasi, akautazama ule ufito wangu kwenye vijiti.

"Huu umeshaupinda," akaniambia. "Mimi sijengi na ufito uliopindwa na mwanamke wa kompyuta." Akainua kichwa. "Jumba. Leta mwingine, ulionyooka. Na kamba."

Akatembea hadi kwenye nguzo, akafunga ufito wa kwanza mwenyewe, mafundo mabaya kabisa, Baba Ayuma angeyafungua usiku huohuo. Lakini yalishika. Jumba alikuwa anamshikia upande wa pili, na nilimwona anajipangusa uso kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Sasa nyinyi, kabla hamjasimama: mashine haiachi pengo. Pale usiposema kitu itasema yenyewe, kwa uso mkavu, na watu wataamini. Siku hizi mnazo programu zinazojaza si mwendo tu, zinajaza uso mzima na sauti ya mtu ambaye hakuwahi kusema hayo maneno. Mpwa wangu alinionyesha marehemu anaimba. Nililala vibaya. Si kwa sababu ni uchawi. Ni kwa sababu nilimwuliza katikati hapo nani amejaza, naye akasema hajui. Mimi nilijua. Nilikuwa na vijiti, niliweza kupiga magoti mbele ya watu nikaonyesha. Wewe siku ya Mautuma yako utaonyesha nini? Tazama kazi yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa macho yako mwenyewe, kabla haijatoka mlangoni. Na usipende skripti yako kiasi cha kuacha kuitilia shaka.

Nilipokuwa nakunja nyaya, Mama Rasoa alinijia. Alikuwa amebadilisha leso. Akanisindikiza mpaka kwenye pikapi, akaangalia kama kuna mtu karibu.

"Ile ya kwanza," akasema. "Usiifute."

Nikamwambia mama, ile ni kosa, nitakuachia ile nzuri.

"Nimesikia. Ni ufito, nimeelewa." Akashika mlango wa pikapi. "Lakini ni mwaka mzima sijamwona akisogea. Niwekee na hiyo."

Nilimwekea.

Mnaniuliza nimepata nini kwa hii kazi. Nina nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati la rangi ya kijani. Nina shamba dogo la miwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nina vyumba viwili vya kupangisha mjini, kimoja anakaa Adisa na mashine zake za simu. Nina kamera ya kanda ambayo haifanyi kazi na kompyuta ambayo inafanya. Nina jogoo aliyeletwa na Jumba alipohamia nyumba yake, mkali, msimkaribie. Nina ufito mmoja ukutani, umekauka na tumbo lake. Na nina picha moja ya Baba Ayuma, amesimama kando ya ukuta aliokandika mwenyewe, udongo mpaka viwikoni. Nimeiingiza kwenye kompyuta muda mrefu sasa. Sijaipigilia msumari wowote.